Hesabu na Uhuru wa Akili

Katika masomo yote afundishwayo mtoto, hesabu ina sifa moja isiyopatikana kwa urahisi katika mengine. Mwalimu wa historia akisema kwamba jambo fulani lilitokea mwaka fulani, mwanafunzi hana budi kumsadiki mpaka apate kitabu. Mwalimu wa lugha akisema kwamba neno hili ni fasaha na lile si fasaha, mwanafunzi humkubali kwa ajili ya umri na ujuzi wake. Lakini mwalimu wa hesabu akiandika ubaoni kwamba 7 mara 8 ni 54, mtoto wa miaka 12 aliyeketi nyuma kabisa aweza kusimama, kwa adabu na bila ya woga, akasema kwamba ni 56. Na mwalimu, hata awe na shahada ngapi, hana la kufanya ila kufuta. Mbele ya ubao huo mkubwa na mdogo husimama chini ya sheria moja.

Mimi ni mwalimu wa lugha, wala sidai ustadi wa hesabu. Swali ninalotaka kulichungua ni la maadili, na kila mlezi ana haki ya kuliuliza: namna ya kufundisha hesabu hufanya nini katika akili na tabia ya mtoto wa miaka 11 hadi 15? Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 mtoto wa umri huu alikuwa katika shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Jina hilo limekwisha kutoweka, lakini umri haukutoweka, na shida zake zingalipo. Ndio wakati hesabu inapoacha kuwa kuhesabu vitu, ikaingia katika sehemu, uwiano, asilimia na herufi zinazosimama mahali pa namba. Mtoto aliyevuka kivuko hiki akijua anakokwenda huendelea. Aliyevushwa amefumbwa macho aghalabu hufika ng'ambo asijue amefikaje, na safari ya pili humshinda.

Nadai kwamba njia ya kufundisha, kabla ya kuwa jambo la ufundi, ni jambo la haki. Humfundisha mtoto mahali pa kutafuta ukweli: katika kinywa cha aliye mkubwa kuliko yeye, au katika sababu ambayo yeye na mkubwa huyo wanaweza kuitazama pamoja.

Tuchukue mfano mmoja. Mtoto aulizwa: 3 gawanya kwa nusu ni ngapi? Katika madarasa mengi hufundishwa wimbo: ya kwanza iache, alama igeuze, ya pili ipindue. Akiufuata wimbo huo hupata 6, na mwalimu humtilia alama ya vema. Lakini mwulize kwa nini kugawanya kumezaa namba kubwa kuliko ile iliyogawanywa, naye hunyamaza. Alidhani kugawanya ni kupunguza. Sasa ameona kumeongeza, na hakuna aliyemweleza. Hivyo hujifunza mambo mawili kwa siku moja: kwamba jibu ni 6, na kwamba hesabu ni mahali ambapo mtu hafai kutarajia kuelewa. La kwanza atalisahau mwezi ujao. La pili huenda akalichukua maisha yake yote.

Sasa mtoto huyohuyo apewe vibaba 3 vya uwele na chombo cha nusu kibaba, aulizwe atateka mara ngapi mpaka uwele uishe. Atateka mara 6. Hapo ataona kwamba kugawanya kwa nusu ni kuuliza nusu ngapi zimo ndani ya 3, na kwamba jibu halina ajabu yoyote. Baada ya hayo mwalimu aweza kumpa kanuni, na kanuni itakuwa kama njia ya mkato kwa mtu ajuaye njia kuu. Akiisahau, atarudi kwenye njia kuu aifumbue upya.

Hata hivyo nisieleweke kwamba naidharau kumbukumbu. Wako wasemao siku hizi kwamba kukariri ni adui wa kufahamu, nami siwafuati. Mchezaji hodari wa bao, mbele ya mashimo yake 32 na kete 64, hupiga hesabu ya mizunguko mingi kabla mkono wake haujagusa kete, na hawezi hayo bila ya kuwa na hali nyingi za mchezo zilizokaa tayari kichwani. Mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha kwa ghibu hutumia nguvu zake zote katika kutafuta 6 mara 9, asibakiwe na nguvu ya kufikiri juu ya swali lenyewe. Kumbukumbu ni mtumishi mwema. Kosa ni kumpa mtumishi kiti cha bwana.

Wala siwafuati wale wanaotaka mtoto aachwe avumbue kila kitu peke yake. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, wataalamu wa Australia, walionyesha kwamba wanafunzi wanaoanza aljebra hujifunza vizuri zaidi wakitazama kwanza mifano iliyokwisha kufanywa hatua kwa hatua kuliko wakiachwa wahangaike na maswali bila msaada. Hili halimshangazi mtu aliyelelewa na fundi. Mwanafunzi wa useremala hutazama kwanza randa inavyokwenda, kisha huishika. Lakini fundi mwema hukubali kuulizwa kwa nini randa hufuata mkondo wa ubao, na hujibu.

Twende sasa Makutupora, kaskazini ya jiji la Dodoma, tuone mtoto wa huko huja shuleni na akiba gani. Aghalabu mwalimu huingia darasani akidhani kwamba vichwa vilivyo mbele yake ni vyungu vitupu. Makutupora ni nchi ya mizabibu, na zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tena ni nchi ya visima, ambavyo maji yake hupelekwa mjini kunywewa na makao makuu ya taifa. Mtoto aliyekulia hapo ameona mistari ya mizabibu tangu alipojua kutembea. Akiulizwa 12 mara 25 kwa karatasi, huenda akapotea katika kubeba na kushusha tarakimu. Lakini mwonyeshe shamba lenye mistari 12, kila mstari una miche 25, ukamwambie akate shamba vipande viwili: mistari 10 huku na mistari 2 kule. Huku ni miche 250, kule ni 50. Jumla ni 300. Ile hatua ya kuzidisha iliyokuwa uchawi wa tarakimu imekuwa shamba lililokatwa mara mbili, na hakuna mche uliopotea wala kuongezeka.

Kwamba akiba hiyo ipo, si dhana ya mapenzi tu. Katika miaka ya 1960 John Gay na Michael Cole walichungua hesabu za Wakpelle wa Liberia, ambao watoto wao walishindwa sana na hesabu za shule. Waliwapa watu bakuli la mchele wakadirie una vikombe vingapi, na Wakpelle wakawashinda Wamarekani kwa mbali. Watu walioonekana wajinga mbele ya ubao walikuwa mabingwa mbele ya mchele. Upungufu haukuwa katika vichwa vyao. Ulikuwa katika njia iliyowekwa kati ya vichwa hivyo na somo.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo madogo ya vibaba na vikombe. Basi tutazame gunia. Katika nchi yetu mkulima ameteswa muda mrefu na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kuuzwa kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza mazao yafungwe kwa uzito upitao kilo 100, na marufuku imerudiwa mara nyingi. Lakini marufuku haimsaidii sana mtu asiyeweza kuhesabu hasara yake. Tuseme gunia la haki lina debe 6, na la lumbesa limeongezwa debe 1 na nusu. Mkulima aliyeuza magunia 4 ametoa debe 30, nazo ni magunia 5 ya haki. Amelipwa 4, ametoa 5.

Sasa liulizeni darasa: mkulima huyu amedhulumiwa robo au amedhulumiwa moja ya tano? Yuko atakayesema robo, kwa kuwa juu ya kila magunia 4 aliyolipwa ametoa 1 bure. Yuko atakayesema moja ya tano, kwa kuwa katika kila magunia 5 yaliyotoka nyumbani kwake 1 halikulipwa. Wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa kipimo chake. Hapo darasa litajifunza swali kubwa kuliko majibu yote mawili: robo ya nini? Mtu aliyezoea kuuliza hivyo tangu utotoni hatadanganywa kwa urahisi na mchuuzi, wala na mkopeshaji anayetaja riba ndogo bila ya kusema ni ya mwezi au ya mwaka. Aliyefundishwa kupindua sehemu tu atapindua kila apewacho.

Visima vya Makutupora vina somo jingine. Tangu miaka ya 1950 kina cha maji ya chini ya ardhi hapo kimekuwa kikipimwa, na uchambuzi wa vipimo vya miaka 55 ulichapishwa mwaka 2013. Ulionyesha kwamba maji hayo hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka, bali hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya mwaka 1997 na 1998; na katika miaka mingi kati ya misimu hiyo kisima hupungua tu. Mwanafunzi hufundishwa wastani kwa kanuni: jumlisha zote, gawanya kwa idadi yake. Tuseme katika miaka 5 kisima kilipata 0, 0, 0, 0, kisha 50. Wastani ni 10. Mwanafunzi ameandika 10 na amepata alama. Lakini katika miaka yote 5 hapakuwa na hata mmoja uliopata 10, na mji unaopanga matumizi yake kana kwamba 10 huja kila mwaka utaona kiu kabla mvua kubwa haijarudi. Kanuni haikukosea, aliyekosea ni yule asiyejua kanuni inasema nini na inanyamazia nini.

Kama haya ni kweli, mbona hayafanyiki? Historia yetu yatoa jibu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alisema kwamba elimu yatakiwa kukuza kwa kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha yasiyomfaa, na kujiamini kama mtu huru. Miaka hiyohiyo ilipita Afrika Mashariki tufani ya hesabu za kisasa. Tangu 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vipya vilivyojaa seti na alama ngeni, kwa nia njema ya kumfanya mtoto afahamu badala ya kukariri. Haikudumu. Nchini Kenya Rais Moi aliamuru ziachwe mwaka 1981, na kwingine pia zilififia. Kwa maoni yangu zilibadili kilichofundishwa zikaacha jinsi ya kukifundisha. Mtoto aliyekuwa akikariri kanuni za sehemu alianza kukariri maana za seti, na mwalimu, aliyepewa kitabu kigeni kwake, alishikamana nacho kama aliyezama ashikavyo gogo.

Kizuizi kikubwa cha sasa ni lugha, na hapa nasema kama mtu wa fani yangu. Baada ya 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote za serikali, na maneno yake ya hesabu ni mwalimu msaidizi. Namba ya chini ya sehemu twaiita asili, na ya juu twaiita kiasi. Asili yasema vipande hivi ni vya namna gani. Kiasi chasema ni vingapi. Mbuzi 2 na kuku 3 haviwi mbuzi 5 wala kuku 5, lakini ukiwarudisha katika asili moja ni mifugo 5. Na theluthi na humusi hazijumlishiki mpaka zipate asili moja kwa sababu hiyohiyo. Neno lenyewe limebeba sababu ndani yake.

Kisha mtoto huingia kidato cha kwanza, na mlango ule hufungwa. Masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walichungua hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa nacho cha kutosha kujifunzia. Sera ya elimu ya 2014 ilitoa nafasi kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini desturi ya darasa la sekondari imebaki ile ile. Mtoto asiyeweza kuunda swali katika lugha ya darasa hufanya lililo rahisi: hunyamaza, hunakili, hukariri. Mwalimu naye hujibiwa kwa pamoja, darasa zima likiitikia kama kiitikio cha ngoma, naye huondoka akidhani ameeleweka. Mithali yasema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza kwahitaji lugha.

Mtihani nao umetia mkono wake. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulianza kusahihishwa kwa mashine, na maswali ya hesabu yote yakawa ya kuchagua herufi ya jibu. Baadaye maswali machache ya kuonyesha njia yalirudishwa. Mashine haisomi sababu. Mwalimu apimwaye kwa idadi ya waliofaulu hufundisha kile kinachopimwa, na si haki kumlaumu peke yake. Lakini matunda twayaona mbele: katika mitihani ya kidato cha nne ya 2020, 2021 na 2022 waliofaulu hesabu walikuwa takriban mmoja katika kila watahiniwa watano. Sitaki kuamini kwamba wanne katika kila vijana wetu watano wameumbwa bila ya akili ya hesabu, na sidhani msomaji yuko tayari kuamini hivyo.

Najua neno atakalonijibu mwalimu wa darasa lenye watoto 80, madawati machache na muda wa dakika 40. Atasema kwamba mahubiri haya ni mepesi kwa mtu wa chuo kikuu. Ana haki. Tena ataongeza kwamba mitaala ya tangu 2005 imehimiza mbinu shirikishi, naye ameona mwisho wake: watoto wameketishwa makundi makundi, mwerevu mmoja anaandika, wengine wanatazama dirishani, na mkaguzi akipita husifu makundi. Nakubali. Meza zilizogeuzwa hazigeuzi mafundisho, kama kanzu isivyomfanya mtu kuwa sheikh.

Lakini ninachotaka hakigharimu meza. Mwaka 1995 James Stigler na wenzake walipiga picha za sinema katika madarasa ya hesabu ya watoto wa darasa la nane nchini Japani, Ujerumani na Marekani. Madarasa ya Japani yalikuwa na watoto wengi kuliko ya Marekani. Mwalimu wa Marekani aghalabu alionyesha kanuni kwanza, kisha watoto wakafanya maswali mengi ya mfano huohuo. Mwalimu wa Japani aghalabu alitoa swali moja zito kwanza, akawaacha watoto walishughulikie kwa muda, kisha akawaita baadhi yao waonyeshe njia zao ubaoni, zilizofika na zilizopotea, na mwishowe yeye mwenyewe akafunga mjadala kwa kueleza kanuni. Hakumwacha mtoto gizani, wala hakumnyima nafasi ya kuangaza kwanza kwa taa yake mwenyewe.

Hayo yanawezekana katika darasa la watu 80. Mwalimu aweza kuuliza kila siku, mara moja tu, umejuaje, na kungoja jibu. Aweza kuandika ubaoni jibu lililokosewa bila ya jina la mwenyewe, akalitendea kama shahidi mahakamani: limetoka wapi, limeona nini, limekosea wapi? Mtoto aandikaye kwamba nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano hakubahatisha. Amejumlisha viasi na amejumlisha asili, na ana mantiki yake. Ukimpiga fimbo umempiga kwa kufikiri, na kesho hatafikiri. Ukimwonyesha kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, amejisahihisha mwenyewe kwa akili yake. Na katika sekondari, mwalimu aweza kumruhusu mtoto aeleze sababu kwa Kiswahili kwanza, kisha amsaidie kuivika mavazi ya Kiingereza yatakiwayo na mtihani.

Haya yana gharama yake, nayo ni ya heshima. Mwalimu aliyezoea kwamba neno lake ni la mwisho atalazimika kukubali kwamba katika somo lake neno la mwisho ni la sababu, na kwamba siku moja mtoto wa miaka 12 atamwonyesha kosa mbele ya wenzake. Katika malezi yetu, ambapo mdogo hamkatizi mkubwa, hili ni gumu, nami sipendi adabu hiyo ivunjwe. Lakini adabu na ukimya ni vitu viwili. Mtoto asemaye shikamoo, mwalimu, naomba kuuliza, amemheshimu mwalimu na ameiheshimu kweli kwa sentensi moja.

Husemwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mkulima, la kisima na la taifa litashikwa kesho na hawa tunaowafundisha leo kupindua sehemu. Wakiwa hawajui wanachopindua, mali itapotea huku daftari likiwa limejaa tarakimu, na hakuna atakayesimama kusema kwamba 7 mara 8 si 54, kwa kuwa tangu utotoni hakuna aliyewaambia kwamba wanaruhusiwa.